Hapana ya Tatu

"Hata achali?" Orlin aliuliza kutoka mezani.

"Hata achali." Marlys, mkewe, alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la jikoni, miwani imemshuka puani, anasoma lebo za chupa moja baada ya nyingine. "Na mkate. Na sosi ya nyanya, ndiyo usiseme. Mtindi, Orlin! Sasa nani anatia shira ya mahindi kwenye mtindi?"

"Watu wenye akili zao. Mahindi yenyewe si nalima mimi?"

Hapo alisema kweli. Mahindi ya Orlin, kama ya kila mtu katika wilaya yetu, yalikwenda kwenye kiwanda kilicho ng'ambo ya mto. Huko yalilowekwa na kusagwa yakatoka shira, na shira ikaingia karibu katika kila kitu tunacholeta nyumbani kutoka dukani. Upepo ukivuma kutoka kiwandani, jimbo lote hili letu la Iowa hunukia kama jiko la mtu anayepika peremende. Hatukuwahi kuilalamikia harufu hiyo. Imetusomeshea watoto.

Lakini daktari alikuwa ameshasema. Ini la Orlin lilikuwa limejaa mafuta, na makovu yameanza. Sukari ni sukari, alieleza, iwe ya miwa au ya mahindi, ila hii ya mahindi imejificha hata kwenye vyakula ambavyo mtu havidhanii kuwa vitamu. Halafu zile soda! Orlin alikuwa akishinda nazo kwenye trekta kuanzia asubuhi hadi jua linazama. Akiziacha sasa, ini linaweza kupata nafuu. Asipoziacha, daktari alimtazama Marlys badala ya kumaliza sentensi.

Tangu siku hiyo Marlys alikuwa na hofu iliyomkaa kifuani kutwa. Alimpenda huyu mzee mkaidi, na hakutaka kumzika.

Taabu ilikuwa moja. Orlin alikuwa amemwapisha asimwambie mtu. Majirani waliambiwa ni mgongo.

"Ini ni ugonjwa wa walevi," alisema. "Mimi ni mzee wa kanisa, Marlys. Sijaonja hata bia. Watasema nilikuwa nakunywa kwa siri."

"Basi tutakuzika na huo mgongo wako."

"Utanizika na heshima yangu."

Vuli ilipofika, miguu ya Orlin ilikuwa imevimba na hawezi kupanda kombaini, ile mashine ya kuvunia. Na kwetu sisi mkulima akiugua wakati wa mavuno, hasubiri kuomba. Jumamosi asubuhi Marlys alisikia ngurumo barabarani, akatoka nje na taulo la vyombo mkononi. Kombaini za majirani zilikuwa zinaingia zikifuatana, kubwa, zimewasha taa mchana kweupe, na nyuma yake matela ya kubebea mahindi. Mbele alikuwa Duane Kolbe, jirani wa shamba la pili, ambaye na Orlin walikuwa hawasemezani vizuri tangu ugomvi wa mfereji wa mpakani.

"Kaa chini, mzee!" Duane alipaza sauti. "Leo utaona mahindi yanavyovunwa na watu wanaojua!"

"Ukivuna mistari yangu ovyo kama unavyovuna yako, mama yako atalia kaburini!" Orlin akajibu kutoka kwenye benchi. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akasingizia vumbi.

Wanaume walipoingia shambani, wanawake walianza kuingia bandani. Hapo moyo wa Marlys ukazama. Kila mmoja alikuja na sahani yake: nyama ya nguruwe inayong'aa kwa sosi tamu, maharage yaliyookwa kwa shira, jeli ya rangi ya kijani yenye matunda ya kopo, biskuti, na makopo ya soda yaliyochomekwa kwenye barafu. Upendo mtupu, umetandazwa mezani. Yeye alikuwa amechemsha mayai na kukaanga kuku, na sahani zake zilionekana fukara katikati ya zile nyingine.

Sasa, ili muelewe yaliyofuata, sisi watu wa kwetu hatuna hapana ya moja kwa moja. Ukikaribishwa chakula, unakataa. Ukikaribishwa tena, unakataa tena, huku jicho liko kwenye sahani. Mara ya tatu ndipo unasema, "Haya basi, kidogo tu." Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi. Anayekataa mara ya tatu ana ugomvi na wewe, na utajiuliza mwaka mzima ulimkosea nini.

Orlin alikuwa ameshagundua maficho mazuri ndani ya adabu hii. Tangu aagizwe aache, kanisani, kwa kinyozi, kote alikokaribishwa alikataa mara mbili, kwa sauti, mkewe asikie. Kisha mara ya tatu anakubali na kumgeuzia Marlys uso wa mtu aliyelazimishwa.

Mchana mashine zilizimwa, watu wakakusanyika bandani. Ndipo akaja Ardith, dada yake mkubwa Orlin, amebeba pai ya tufaha kwa mikono miwili.

"Wifi," Marlys alimuwahi, "leo mwache. Tumbo linamsumbua."

"Tumbo au mgongo?"

"Vyote."

"Basi ndiyo maana anahitaji pai." Ardith alikata kipande kikubwa, akakifikisha mpaka kwenye benchi. "Kaka, hii nimekupikia wewe."

"Hapana, dada. Asante."

"Acha hizo, kula."

"Kweli, nimeshiba. Wape hao waliofanya kazi."

Watu wakatabasamu. Mambo yalikuwa yanakwenda kama yanavyokwenda siku zote. Ardith akasogeza sahani mpaka chini ya kidevu chake.

"Orlin. Nimeamka alfajiri."

Marlys alikuwa amefungua mdomo. Angesema, sasa hivi, mbele ya wote, na kiapo kingevunjika, na Orlin asingemsamehe. Hakuweza. Akawapa mgongo, akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu, na mabega yakamtikisika.

Orlin aliyaona yale mabega.

"Hapana," alisema.

Ardith alibaki na sahani hewani. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Si mgongo, dada. Ni ini."

Mtu mmoja alikohoa. Duane akatazama viatu vyake. Orlin alikuwa mwekundu mpaka masikioni, lakini aliendelea. "Na sinywi. Mnanijua. Daktari anasema ni utamu. Soda, na hii shira yetu iliyomo kila mahali."

"Shira ya mahindi?" Duane alinyoosha kidole shambani. "Haya haya?"

"Haya haya."

Duane alilitazama kopo la soda mkononi mwake. Akapiga funda moja, maana lilikuwa limeshafunguliwa, kisha akaliweka chini taratibu. "Eh, bwana," alisema. "Na mimi nilijua unasingizia mgongo ili nikuvunie."

Watu wakacheka, kicheko cha kushusha pumzi. Marlys alikaa karibu na mumewe, akamshika goti. Ni Ardith peke yake aliyekuwa bado amesimama.

"Mtu anaweza kuugua ini bila kunywa?" aliuliza.

"Ndivyo walivyosema."

"Baba macho yake yaligeuka ya njano, Orlin. Wewe ulikuwa jeshini, hukuona. Tumbo likajaa maji. Kila mtu alisema ni pombe, hata mama alisema. Nilipekua ghala lote kutafuta chupa zake. Juu ya dari, chini ya nyasi kavu, kila mahali." Akaishusha sahani ya pai. "Sikupata hata moja. Nikasema, kumbe ni mwongo hodari namna hii. Sikulia siku ya mazishi."

Orlin alisogea kwenye benchi, dada yake akaketi, pai imelala mapajani. Wanaume walirudi shambani mmoja mmoja, kwa aibu ile ya watu waliosikia jambo la nyumba ya mwenzao, na mashine zikaanza kunguruma tena.

Marlys alileta bakuli la mayai. Orlin akamenya moja, akamtia dada yake kiganjani. Ardith alilishika bila kulila, akizitazama kombaini zinavyokwenda na kurudi katika shamba lililokuwa la baba yao, na midomo yake ilianza kusogea, polepole, ikimwita baba, kama ya mtu anayesalimiana na mtu ambaye hajasemezana naye miaka mingi.