Kiganja cha Burhani

Mkoba wa Gamaliel ulikuwa umening'inia nyuma ya mlango kwa miezi kumi na minne, na kwake yeye hiyo ilikuwa rekodi. Ndani mlikuwa na shati moja, taulo, wembe, na sufuria ndogo iliyobonyea ubavuni, aliyoinunua Shinyanga enzi zile ana meno yote. Tabora aliuza chumvi. Geita alichoma mikate. Mwanza alishona viatu. Kigoma hakumbuki vizuri alifanya nini, ila aliondoka huko vilevile alivyoondoka kwingine kote: mtu mmoja alimwambia hapana, naye akaenda stendi.

Sasa ana miaka sitini na moja, amerudi Kamachumu kwa dada yake Alistidia, anatengeneza kahawa ya kutafuna. Anachuma buni kabla hazijawa nyekundu, anazichemsha na majani yenye harufu anayoyajua mwenyewe, anazianika mpaka zikauke, kisha anazifunga vipakiti kwa majani makavu ya mgomba. Mkono anao. Hata wasiompenda wanakubali.

Alistidia alimpa ua wa kuanikia, kwa sharti moja.

"Nimekupokea mara nne, Gamaliel," alimwambia. "Safari hii ukiushika tena huo mkoba, uani kwangu naanika maharage. Ukirudi kalale kwa mchungaji."

Kwa hiyo alikuwa anajaribu kukaa. Kukaa kulimwasha kama upupu. Akisikia honi ya gari barabarani, mguu wake wa kulia ulianza kutikisika peke yake.

Kilichomshika kwa muda ni kitabu. Ma Judica, mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya Kamachumu, alikuwa ameletewa na mwanawe kitabu cha biashara chenye jalada la njano, kilichotafsiriwa kutoka kwa wazungu. Akakusanya watu. Kila Jumamosi saa kumi walikutana nyuma ya saluni ya Lilian: Lilian mwenyewe, Haidari fundi wa pikipiki, wengine wawili watatu, na Gamaliel. Kitabu kilikuwa kimoja. Kila mtu alikaa nacho wiki nzima, akasoma sura yake, kisha akaja kuwaeleza wenzake imesema nini na yeye amefanya nini. Lilian aliwahi kuomba kurasa zipigwe picha kwa simu. Ma Judica alikataa katakata. "Nikiwapa picha mtasoma vichwa vya habari tu, kama mnavyosoma magazeti."

Gamaliel alikipenda kitabu kile kwa namna ya kuogopa. Kusoma alijifunza kwa vipande: darasa la kwanza na la pili hapo Kamachumu, la tatu Biharamulo, mengine yote kwenye magazeti ya kufungia chumvi. Hajawahi kumaliza kitabu. Kila alichoanza alikiacha mji fulani.

Sura ya tano ilikuwa ya Lilian. Ilisema: usitoe bure kile unachouza. Lilian akasimama, kucha zake zinang'aa, akaeleza jinsi alivyoacha kuwachana watu nywele bure na jinsi wiki hiyo ilivyokuwa nzuri. Kisha akamgeukia Gamaliel, akamwita Ta kama wanavyoitwa wazee wa huku.

"Na wewe, Ta Gamaliel. Kile kikapu chako cha kahawa pale mlangoni kinafanya kazi gani?"

"Kinasubiri wageni."

"Wageni au wateja?"

Watu wakacheka. Haidari akainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi niseme ukweli wangu. Sijawahi kununua kahawa kwa huyu mzee. Kila asubuhi napita kumsalimia tu."

"Umeona?" Lilian akapiga makofi. "Salamu ya huyu inakugharimu pakiti nzima kwa wiki!"

Gamaliel alitaka kusema kwamba kahawa ya mkononi si biashara, kwamba kwa mtu wa huku mgeni akifika unampa mbegu mbili tatu atafune kabla hata hujamuuliza habari za alikotoka. Lakini hakutaka kuonekana mzee asiyeelewa. Ma Judica alikwisha kufunga mjadala: kila mtu akatekeleze, Jumamosi atoe taarifa. Jioni ile Gamaliel akakiondoa kikapu. Kwenye kipande cha boksi akaandika kwa mkaa HAKUNA KUONJA, akakitundika mlangoni.

Wiki hiyo haikuwa wiki ya kawaida. Burhani alikuwa amesema atakuja Jumatano. Huyu Burhani ana duka Bukoba mjini, karibu na stendi, na wasafiri wa Dar hawaondoki bila kupita kwake kuchukua zawadi. Alitaka kuona kahawa inavyotengenezwa. Akiridhika angechukua pakiti arobaini kila wiki, na Gamaliel angekuwa mtu mwenye kazi inayojulikana. Asiporidhika, pakiti zingerundikana pale ndani, honi zingelia barabarani, na Gamaliel alijijua.

Burhani alifika saa nne asubuhi, kofia kichwani, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Hodi hapa, Mzee Gamaliel."

"Karibu waitu," Gamaliel akasema kwa neno la heshima la huku, "karibu sana. Bukoba hawajambo?"

"Hawajambo. Barabara tu ndiyo imetukung'uta."

Akakalishwa kwenye kigoda. Akashusha pumzi, akauweka mkono wa kulia juu ya goti, kiganja kikiangalia juu. Hakuomba kitu. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye amezaliwa Bukoba, na taya lake lilikuwa linaijua kahawa hii tangu utotoni. Kiganja kilikaa tu pale, wazi, kama kinavyokaa kiganja cha mgeni yeyote.

Gamaliel alikiona. Vidole vyake vilikwisha kuingia mfukoni, mahali ambapo siku zote mlikuwa na mbegu saba nane. Akasikia sauti ya Lilian: wageni au wateja? Akautoa mkono mtupu.

"Pakiti moja ni mia tano," akasema. "Ukichukua kuanzia arobaini, mia nne."

Burhani akamtazama. "Kwako hakuna kahawa?"

"Ipo waitu, si hiyo yote mkekani? Ila ukifungua pakiti, utakuwa umenunua."

Kiganja kikajifunga, kidole kimoja kimoja. Burhani akatazama mkeka, akatazama sufuria kubwa, akauliza kama mvua zimekuwa nzuri, akainuka.

"Haya, mzee. Tutawasiliana."

Neno hilo Gamaliel alikuwa amelisikia Tabora, Geita na Mwanza. Lilikuwa lilelile, halijazeeka hata kidogo.

Alistidia alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, kisu cha kumenyea ndizi mkononi. "Umemwachia mtu aondoke na mdomo mkavu?"

"Kitabu kimesema hivyo."

"Hicho kitabu kimezaliwa wapi? Baba yetu alimpa kahawa hata askari aliyekuja kumkamata. Wakatafuna kwanza, ndipo wakaondoka."

Gamaliel akakaa kwenye kigoda alichoinuka Burhani. Mguu ulikuwa unatikisika mpaka kigoda kinagonga ukuta.

Asubuhi ya Alhamisi alitoa mkoba nyuma ya mlango. Dada yake aliendelea kumenya ndizi. Lakini hajafika hata kwenye njia, akasikia mkeka wake ukiburutwa, na maharage yakimwagwa juu ya mwingine: shaa.

Alifika Muleba mapema. Gari la Biharamulo lilikuwa bado, akakaa kwenye benchi la stendi. Jua lilikuwa kali. Akaingiza mkono mkobani kutafuta taulo, vidole vikagusa jalada gumu.

Kitabu. Alikitia humo mwenyewe Jumapili, kwa kuwa mkoba ule ndicho kitu pekee nyumbani ambacho hakuna aliyekigusa, hata kuku. Akakitoa polepole. Ukurasa wa kwanza Ma Judica alikuwa amepiga mistari kwa rula: sura, jina, tarehe, sahihi. Sura ya nne Haidari, na alama ya kidole chenye grisi. Sura ya tano Lilian, sahihi yenye mikia. Sura ya sita Gamaliel, Jumamosi hii. Mbele yake patupu.

Alifikiri kukiacha kwa mkata tiketi, kikapande gari la kurudi Kamachumu. Akafikiri pia kwamba kitafungiwa chumvi. Basi wakati akifikiri hayo akakifungua, ili angalau ajue ni nini asichokisoma. Sura ilikuwa fupi, inaitwa Mteja Aliyeondoka. Akaisoma kwa kufuatisha kidole, midomo ikicheza, kisha akairudia. Mwandishi alisema mteja akiondoka hajakukataa wewe. Amekataa alichokiona siku hiyo. Mfuate kabla ya wiki kwisha.

"Mwongo," Gamaliel akakiambia kitabu kwa sauti, mama mmoja mwenye ndizi akageuka. "Yule hajaona kitu. Angeona kwa ulimi gani, na mimi sikumpa?"

Akakifunga, kidole kimoja ndani. Aliwaza Geita, yule mwenye hoteli aliyekataa mikate. Mikate ya siku ile ilikuwa imeungua chini. Miaka ishirini na saba, na hakuwahi kujiuliza kama ya kesho yake ingeungua.

Gari la Biharamulo likaingia na vumbi lake. "Mzee! Biharamulo hiyo! Kiti cha dirishani!" Miguu ikainuka yenyewe, kama ilivyozoea. Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi.

"Mzigo una nini?" kondakta akauliza.

"Kitabu."

"Kitabu hakilipiwi. Panda."

"Si changu," Gamaliel akasema.

"Sasa mimi nifanyeje, mzee? Unapanda au unasimulia?"

Akashusha mguu. Akavuka barabara, akangoja upande wa magari ya Bukoba.

Burhani alikuwa akipima mchele alipomwona mlangoni. Hakutabasamu. "Mzee, nilisema tutawasiliana."

"Ndiyo. Nimekuja kuwasiliana."

Mteja mmoja akacheka. Burhani hakucheka. Gamaliel akatoa mfukoni zile mbegu, akamnyooshea. "Hii si ya leo. Ni ya jana, ya nyumbani kwangu. Ulifika kwangu, sikukupa."

Burhani akazitazama, kisha akatazama mizani. "Nina watu," akasema.

Alikuwa na watu kweli. Gamaliel akakaa juu ya kreti la soda kwenye kona, ngumi imefunga mbegu. Nje mabasi yalikuwa yanaita Mwanza, yanaita Kahama, na kila jina lilimvuta kwenye magoti. Mguu ulitikisika mpaka chupa zikalia ndani ya kreti. Akaushika kwa mkono wa kushoto, akaukandamiza, ukatikisika na mkono. Mara mbili aliinuka, mara mbili akakaa. Adhuhuri ikaadhiniwa, Burhani akamwachia msaidizi wake duka, akampita, akaenda kuswali.

Aliporudi, mikono bado ina maji ya udhu, alimkuta palepale.

"Bado upo?"

"Nipo."

Burhani akavuta kiti, akakaa, akauweka mkono juu ya goti. Kiganja juu. Gamaliel akafungua ngumi. Mbegu zilikuwa zimelowa jasho na hakuwa na nyingine. Burhani akachukua mbili, akatafuna polepole, akiangalia barabarani.

"Majani gani umeweka humu?"

"Hayo, waitu, utaniulizia kaburini."

Hapo ndipo Burhani alipocheka, kahawa ikionekana mbele ya meno. "Leta ishirini Jumatano. Arobaini siwezi kwa mtu aliyeninyima mbegu moja. Tutaona."

"Tutaona," Gamaliel akasema, na neno hilo halikumuuma.

Nyumbani maharage yalikuwa yamejaa ua, kama alivyoahidiwa. Alistidia alimtazama, akautazama mkoba, akaendelea kupepeta. Ilipofika Ijumaa mchana, akasogeza maharage kwa mguu, ikapatikana robo ya ua, kwenye upande usio na jua zuri.

"Hapo ndipo panakutosha," akasema.

Jumamosi saa kumi, nyuma ya saluni, Gamaliel hakuanza kwa kusoma. Alizunguka na kikapu, akamwekea kila mtu mbegu kiganjani, kuanzia kwa Ma Judica.

"Ta Gamaliel!" Lilian akang'aka. "Na sura ya tano je?"

"Sura ya tano imeandikwa na mtu asiyepata wageni. Kaa, mwanangu, utafune, halafu tubishane."

Walibishana mpaka wateja wa saluni wakaja kuchungulia. Lilian hakukubali, na hadi leo hajakubali. Ma Judica alitafuna, kisha akamsogezea kalamu. Gamaliel akaandika jina lake mbele ya sura ya sita, herufi moja moja, mguu ukitikisika chini ya benchi. Alikuwa akiwaza Jumatano, gari la saa moja kuelekea Bukoba, na kama zile pakiti ishirini zitaenea ndani ya mkoba pamoja na sufuria.

Haidari alikuwa amekwisha kumeza zake. Akanyoosha mkono tena, kiganja juu, anatabasamu.

"Wewe ulikaribishwa," Gamaliel akamwambia. "Sasa pakiti ni mia tano."