Kesi Namba Saba

Mtu anayefurahia ugonjwa simvumilii. Alhamisi ile Profesa aliyaona majibu kwenye kompyuta akapiga makofi: "Hii haijawahi kuonekana!" Mimi, fundi sanifu wa maabara yake, nilitamani nimrushie glovu usoni. Damu ile ilikuwa ya mtoto wa dada yangu.

Ana miaka sita. Nyumbani tunamwita Mwalimu, maana hamwachi mtu: "Umekosea, mama mdogo." Lakini homa ilipompata, na vidole vya miguu vikaanza kuwa vyeusi, hakumsahihisha mtu tena. Wiki mbili nzima, kimya.

Shida yake niliipima mwenyewe. Seli za kinga hupashana habari kwa protini ziitwazo saitokini. Saitokini ikigusa mlango wa seli, habari hupelekwa ndani mpaka kwenye kiini, na jeni za mapigano zinawashwa. Vita ikiisha, zinazimwa. Za Mwalimu hazizimiki. Mlangoni hakuna mtu, kengele inalia tu, na seli zinaushambulia mwili wenyewe. Vidonge vya kuinyamazisha vimo kwenye kabati la wodi.

"Tusiharakishe," akasema Profesa. "Akianza dawa, jeni zitanyamaza, nitakosa damu safi. Majibu yasitoke mpaka Jumatatu. Nataka mirija kumi zaidi."

"Na vidole vyake?"

"Siku nne tu, dada yangu. Mambo ya familia usiyalete kazini."

Ebo! Siku nne! Vidole ni nywele, kwamba vitaota tena? Hasira zilinipanda. Nikachapisha majibu, nikapanda ngazi mbili mbili, nikambwagia daktari wa wodi mezani.

Akasoma. "Yametoka lini?"

"Leo. Profesa alitaka uyaone Jumatatu."

Daktari akasonya, akachukua funguo za kabati. Kidonge cha kwanza kilimezwa mbele ya macho yangu.

Jumatatu Profesa akaingia wodini na trei ya mirija. Hakuwa na habari kuwa dawa ilishaanza. Mimi nilikuwa kando ya kitanda namba saba na dada yangu, nikijua kazi sina. Akainama, meno yote nje.

"Hujambo, kesi yangu namba saba?"

Mtoto akamkagua kuanzia viatu hadi miwani.

"Umekosea," akasema. "Namba saba ni kitanda."

Dada yangu akaangua kilio. Mimi nikavua koti la maabara, nikamwekea Profesa juu ya mirija yake mitupu.