Mbao za Mutarakwa

Thuo aliingia kwangu bila hodi, na viatu vyake vya tope, akamwambia fundi wake avute mkeka wa mtoto. Nyumba ni yake, sikatai. Lakini hata mwizi huchungulia kwanza kama kuna mtu.

Alikuwa anajenga nyumba ya mawe kule Riruta na alitaka sebule yenye sakafu ya mbao. Si mbao mpya. Hizo alishazidharau mbele yetu sote hapa Kabiro, eti siku hizi zinakatwa mbichi na kupinda kabla mwaka haujaisha. Alionyeshwa mvule uliong'olewa kwenye ghala kuukuu, akaukataa kwa sababu misumari ilikuwa imeutoboa kila mahali. Ndipo akakumbuka mutarakwa niliyokuwa naikanyaga, mierezi ya misitu ya kwao. Baba yake alizinunua mbao hizo mwaka wa uhuru, nyumba ya mzungu mmoja ilipobomolewa, akazitandika katika hiki kijumba changu tu. Vyumba vingine vyote vya ploti ni udongo.

Fundi, Ng'ang'a, alipiga magoti, akakwangua ubao kwa kisu, akanusa.

"Mzee, hii hata mchwa haigusi. Huyo mzungu alijua kuchagua."

"Ng'oa yote Jumamosi," Thuo akasema.

"Na sisi tulale wapi?" nikamuuliza.

"Si kuna mchanga chini? Wenzako wanalala juu ya nini?"

Seline, binti yangu wa miaka mitatu, ana kifua. Tulipokaa Kianda, kwenye sakafu ya udongo, alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi, na mara mbili nilikimbia naye hospitali nikidhani nimebeba maiti. Tangu tuhamie juu ya mbao hizi, miezi kumi na minne, hajalazwa hata siku moja. Nilimweleza Thuo hayo yote, kwa upole ambao sikuwa nao. Akacheka, akasema yeye si daktari. Nilimchukia.

Ijumaa alimleta mama yake, Wakarima, aone mbao zenyewe. Huyu bibi nilimjua. Mwaka uliopita alirudisha kitanda kizuri alichopewa zawadi, kwa sababu aliyekilalia kwanza alikuwa amefia juu yake. Kanisani hakosi Jumapili hata moja, lakini kitu cha marehemu hakivuki mlango wake. Basi nikangoja ainame, aguse ubao, asifu, ndipo nikasema:

"Mama, chukueni tu. Lakini mjue shemeji yangu Oyoo alifia hapo umeweka mkono. Mwezi wa tatu. Tulimtoa kimya kimya."

Aliuondoa mkono kama aliyeungua. Ng'ang'a akarudisha kisu mfukoni bila kuambiwa. Nami, Mungu anisamehe, nilisikia raha. Nilimtazama Thuo usoni nikamwambia, "Rudia ule mvule."

Wakarima alizungumza na mwanawe kwa Kikuyu, polepole. Thuo alibishana mara moja tu, kisha akaacha. Nilidhani wanajadili mbao. Kwetu mtu akifia nyumbani, analazwa humo, watu wanakuja kumlilia humo, na nyumba inabaki nyumba. Sikujua watu wa kwao wa zamani walifanya nini.

Thuo akanigeukia. "Mama anasema mtu akifia kwa nyumba, hiyo nyumba imekwisha. Zamani wangeihama ama waichome. Yeye hawezi kula kodi yake tena. Jumatatu nabomoa. Na mbao zote zinachomwa."

"Ubomoe? Thuo, nilikuwa nadanganya! Oyoo ako hai, ako Kisumu, anatengeneza baiskeli! Nitamwandikia barua akuje umwone!"

"Juzi ulinililia mtoto, leo umeua shemeji. Kesho utafufua nani?"

Nilimwendea Wakarima, nikapiga magoti, nikamshika nguo. Nilimwapia kwa uhai wa Seline kwamba hakuna aliyekufa, kwamba nilitunga uongo ule ili mtoto wangu abaki na mahali pakavu pa kulala. Nililia mpaka majirani wakajaa mlangoni. Bibi alijivuta nyuma taratibu, akanitazama kwa huruma ya kweli, na hiyo huruma ndiyo iliyonimaliza.

"Pole, Mama Seline," akasema. "Najua unaogopa kuhama. Lakini hakuna mtu anaweza kusema mtu wake amekufa na ako hai."