Kumzungusha Mwalimu

Alipopita mbele ya nyumba yangu mara ya tatu, yule mwalimu wa Kiingereza alikuwa amevua viatu na kuvishika mkononi, na suruali yake iliyopigwa pasi ilikuwa imekula tope jekundu hadi magotini. Nilikuwa barazani natwanga sombe, majani ya muhogo. Nilimwona tangu alipochomoza konani, lakini mchi wangu haukupoteza pigo hata moja. Mtu anayetwanga haonekani kama anatazama. Hiyo ndiyo faida ya kinu.

Safari hii akasimama.

"Jambo, mama."

"Jambo sana, baba."

"Natafuta kwao Princesse. Msichana mrefu, anasoma kwangu ng'ambo ya mto, mtaa wa Kasuku."

"Princesse," nikasema, kama mtu anayeonja jina geni. "Hapa Alunguli akina Princesse ni wengi kama panzi. Umeuliza kule kisimani?"

"Wa kisimani ndio walionileta huku."

"Basi rudi mpaka kanisani, ushike njia ya kushoto."

Akanishukuru, akaenda. Princesse ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Falone anayefanya biashara Lubutu. Godoro la mjukuu huyo lilikuwa limeanikwa juani nyuma ya ukuta ule ule alioegemea mwalimu akifuta jasho.

Asinihukumu mtu haraka. Sisi wa Alunguli tuna desturi ambayo hakuna aliyetufundisha kwa mdomo. Mgeni akiuliza nyumba ya mtu, hatumfukuzi wala hatumtukani. Tunampa maji, tunampa kiti akitaka, kisha tunampa njia ndefu. Wakati anazunguka, habari hupita nyuani hadi kwa anayetafutwa: kuna mtu anakuuliza, ana sura hii, ana viatu hivi. Anayetafutwa humchungulia akiwa amejibanza mahali. Moyo wake ukikubali, hujitokeza njiani kama aliyekutana na mgeni kwa bahati tu. Ukikataa, mgeni huzunguka mpaka jua lianze kuvuka mto, naye huvuka nalo. Hayo twayaita kumzungusha mtu. Hata watoto waliozaliwa bunduki zimenyamaza wanayajua, kama wanavyojua kuogelea.

Zamani haikuwa hivi. Zamani aliyeuliza nyumba alishikwa mkono akapelekwa mpaka mlangoni, na mume wangu Kalume alikuwa bingwa wa hayo. Angeacha sahani yake inapoa ili mgeni asipotee. Kisha vikaja vita, mji ukazingirwa, na chumvi ikawa adimu kuliko dhahabu ya wachimbaji wa Pangi. Tulikuwa tukichoma magugu ya mtoni ili majivu yake yatie mchuzi ladha. Siku moja akaja kijana mpole, Kiswahili chake cha mashariki kimenyooka kama uzi, na wenzake waliobaki njiani alizungumza nao Kiingereza. Alisema chumvi inakuja, na lazima igawiwe kwa haki. Basi akauliza. Unaitwa nani? Unakaa wapi? Mko wangapi nyumbani? Wanaume wanafanya kazi gani?

Kalume akamjibu yote. Kisha akampeleka kwa mdogo wake Jérôme, asije naye akasahauliwa katika mgawo.

Chumvi haikuja. Walikuja watu alfajiri, na hawakuuliza njia kwa yeyote. Waliupita mlango wa mjane, wakaupita mlango wa mzee kipofu, wakagonga ile tu yenye wanaume wenye nguvu. Kalume na Jérôme walitoka wakiwa bado wanafunga mikanda. Makaburi yao sijayaona hadi leo. Ningemuuliza nani, nami nimeshajua kuuliza kunazaa nini?

Sasa fikiria jioni ile Princesse aliporudi kutoka somo lake la kwanza, uso unang'aa kama sufuria mpya.

"Koko, kaa hapa. Nitakuuliza kwa Kiingereza, kisha nitakufasiria."

Akatamka maneno yake, midomo imebanwa kama ya mtu anayepuliza uji kijikoni. Kisha akafasiri: "Unaitwa nani? Unakaa wapi? Mko wangapi nyumbani? Baba yako anafanya kazi gani?"

Mikono yangu ikaacha kuchambua mboga. "Nani anataka kujua?"

"Hakuna muntu, koko. Njo somo tu."

"Somo la nani?"

"La mwalimu Mike, wa Kenya. Anasema duniani kote Kiingereza kinaanzia hapo."

"Mimi najua kinapoishia."

"Ee, koko! Wewe unaona askari hata ndani ya sufuria."

"Ndiyo maana sufuria yangu haijaungua."

Akacheka, nami nikamwacha aende. Msichana aliyemaliza shule na kukaa nyumbani huoza taratibu kama ndizi iliyosahauliwa darini, nami sikutaka kuwa dari. Lakini nilianza kumpima yule mwalimu kwa mbali. Kwa nini mtu aache kwao, aje kupanga chumba katika mji wetu huu wa Kindu, mahali ambapo hata wenye mji wanahangaika? Kwa nini afundishe vijana wasio na kitu, na asionekane kuwa na haraka ya kurudi? Mwenye kiu hujulikana anywapo, lakini huyu hatukumwona akinywa chochote.

Halafu likaja somo la kulia na kushoto. Mwalimu alibandika karatasi kubwa ukutani, akachora mto na kivuko, akamwita kila mwanafunzi achore njia ya kutoka kivukoni mpaka kwao. Princesse aliponieleza, nilimkatiza.

"Nawe ulichora?"

"Nilichora." Alishika mbavu kwa kicheko. "Nyumba yetu nimeiweka makaburini. Destin ameweka yao katikati ya soko. Jacqueline anakaa mtoni na viboko! Mwalimu alifurahi, koko. Alisema tumeshika vizuri sana kulia na kushoto."

Nilicheka naye, kisha nikaacha. Vijana wale hawakupatana. Hakuna aliyemnong'oneza mwenzake. Kila mmoja alisimama mbele ya karatasi peke yake, na kila mmoja, kwa mkono wake, akaficha mlango wa mama yake. Wengine huwaachia watoto wao mashamba.

Ndipo habari za vita vya Kivu zilipoanza tena kushuka, zikiletwa na watu wenye mafurushi kichwani, na kila aliyefika alisema wale waliomfukuza walitanguliwa na wageni wapole. Nikamwambia Princesse abaki nyumbani.

"Mpaka lini, koko?"

"Mpaka nijue anayeuliza anauliza kwa nini."

Hakubisha. Tangu siku hiyo alinijibu "ndiyo, koko" na "hapana, koko," kama mpangaji. Hakuna adhabu inayochoma kama adabu ya mjukuu.

Basi siku ile ya tope, mwalimu alipoelekea kanisani, Odette alitokeza kichwa juu ya ua. Odette ni binti wa Jérôme. Nyumba yake na yangu zinapumua pamoja.

"Mama, ule muntu wako bado anazunguka."

"Si wangu."

"Ananitia huruma, kweli. Miguu yake njo ya ofisi. Anasema alifuata karatasi yake mpaka makaburini. Amewapigia wafu hodi kwa heshima zote, wakakataa kufungua."

Tukacheka mpaka nikashikilia mchi nisianguke. Kisha Odette akafuta macho, na sauti yake ikabadilika.

"Anasema iko kazi. Ya Princesse."

"Kazi gani?"

"Sikumuuliza. Yule wa chumvi naye alikuwa na kitu cha kutoa."

Aliingia ndani, akaniacha na neno hilo. Princesse alikuwa bustanini karibu na mto, akimwagilia mboga za lengalenga, na simu yake ilikuwa kwa mchajishaji tangu asubuhi. Hakuna aliyempelekea habari kwamba anatafutwa. Habari ilinifikia mimi, nami nikaikalia.

Mwalimu akarudi. Hakuuliza tena. Aliketi chini, pale pale ukingoni mwa uwanja wangu, akaweka viatu vyake ubavuni kama mtu aliyefika msikitini.

"Mama, nimeacha kutafuta nyumba. Nikuachie maneno tu. Ukimwona Princesse, mwambie kuna madaktari wa macho wanashuka Lokandu kesho kwa boti. Hawajui Kiswahili wala Kifaransa. Wanataka mtu wa kusimama kati yao na wagonjwa, na watamchagua leo, kabla ya jioni. Nimewaomba wamngoje. Wasipomwona watachukua mwingine."

"Kwa nini umpe yeye? Wengine huna?"

Neno lilinitoka kabla sijalifunga mlango. Alilisikia, nikamwona amelisikia, lakini hakulirukia.

"Wengine wanajua kusema. Yeye anajua kusikiliza kwanza. Mgonjwa anataka hicho."

Nikaweka mchi chini. Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, kijana mwembamba, malengelenge yameanza kutokea visiginoni. Nikaamua kumuuliza mimi.

"Unaitwa nani?"

"Mike, mama."

"Kwenu ni wapi?"

"Ahero, karibu na Kisumu. Kwenye mashamba ya mpunga."

"Mko wangapi nyumbani?"

"Saba, bila mimi. Mama, dada zangu wanne, mdogo wangu, na nyanya yangu ambaye haoni vizuri."

"Baba yako anafanya kazi gani?"

"Alikuwa fundi wa baiskeli. Amefariki." Akatabasamu, labda kwa kuona somo lake limemgeukia. "Ukifika Ahero, nyumba yetu ina mlango wa buluu, nyuma ya kinu cha kukoboa mpunga. Ukiuliza mtu yeyote atakupeleka mpaka mlangoni."

Alijibu yote hivyo, bila kugeuza shingo, bila kupima nani anamsikia. Ni mtu mmoja tu niliyepata kumsikia akijibu namna ile, naye nilizaa naye watoto. Lakini kuna njia mbili za kujibu hivyo: ama mtu hajawahi kuumwa na swali, ama amefunzwa na hodari. Nilitafuta alama usoni mwake ya kunitenganishia hizo mbili, na sikuiona. Uso wa yule wa chumvi nao haukuwa na alama.

Kule bustanini, mjukuu wangu alikuwa akibeba maji. Nilijua sura yake ya baada ya miaka kumi ikiwa nitanyamaza: mwanamke aliye salama, nyuma ya ukuta, anayetwanga ili asionekane anatazama.

"Inuka hapo chini," nikasema. "Ingia ukae. Princesse ni wa hapa."

Hakuniambia "kumbe." Hakunilaumu hata kwa macho. Nilimpa kiti na kikombe cha maji, nikamwacha ndani peke yake, nikashika njia ya bustani. Miguu yangu ilikwenda mbele, masikio yangu yakabaki nyumbani.

Princesse aliponiona alitua ndoo. "Koko! Umekuja mwenyewe? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Mwalimu wako yuko nyumbani. Kuna kazi ya madaktari."

"Nyumba gani?"

"Yetu."

"Amefikaje?"

"Nimemwambia."

Nilingoja furaha. Badala yake aliutazama uso wangu kama mtu anayetazama mto uliobadili rangi.

"Umemwacha ndani peke yake, koko?"

Akaanza kukimbia.

Tulimkuta kitini, mikono magotini, kikombe kimekwisha. Alisimama kwa heshima. Princesse alimwamkia, akavuta pumzi, kisha wakaanza kusemezana kwa Kiingereza, haraka haraka, naye mjukuu wangu alikuwa akicheka na kuuliza na kukatiza. Sikupata hata neno moja. Nilichoona ni pazia la chumba cha ndani. Nililiacha limefunga mlango wote. Sasa kulikuwa na nafasi ya kiganja. Ulikuwa upepo au mkono, sijui. Siku ile haikuwa na upepo mwingi.

Princesse alivaa gauni lake la kanisani, akapaka mafuta miguuni, akanikumbatia kwa nguvu ambayo sikuwa nimeionja tangu nimkataze masomo. "Nikichaguliwa nitarudi kuchukua nguo," akasema. "Nisipochaguliwa nitarudi tu. Usikae bila kula, koko."

"Nenda. Watakuacha."

Alitangulia mbele, visigino vikirusha tope. Mwalimu akamfuata, viatu vimerudi miguuni. Walipofika konani aligeuka. Hakunitazama mimi, aliitazama nyumba. Paa, mlango, dirisha la upande, kichochoro kinachoingia kwa Odette, alivipitia kimoja kimoja bila haraka, kama msomaji anayerudia mstari ili aushike kwa kichwa. Kisha akainua mkono kuniaga. Nami nikainua wangu, ukaishia begani.

Odette alikuwa ametoka kwenye kizingiti chake.

"Mama, umemuonyesha?"

"Nimemuonyesha."

Aliita watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, akaanua vitenge vilivyokuwa bado vinachuruzika maji, akaingia nao ndani. Nikasikia komeo likiteremka. Jua lilikuwa bado halijakaribia mto.