Kidole cha Twaha

...bado, usiachie bado, si Twaha kashamwambia Danieli mara elfu, kidole kikishavuta kinabaki huko huko nyuma, kinaganda na triga kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, bunduki iruke, mlima uruke, kidole hakibanduki, halafu ndiyo unaachia taratibu, nusu ya punje ya mchele, mpaka usikie tki, hapo hapo simama, hapo risasi ya pili iko tayari... na Danieli kalala kifudifudi juu ya gunia nyuma ya ofisi ya kijiji, bunduki ya mgambo mikononi, tupu, haina hata harufu ya baruti, na Twaha kachuchumaa ubavuni pake kushika koki, kile kishikio cha kupandishia risasi, kazi yake kuikoki kila Danieli akifyatua, kana kwamba risasi imetoka kweli, tki, koki, tki, "Tena mzee," Danieli anasema, "naona kidole changu kinaruka," kinaruka, eti kinaruka, cha nani hakiruki, cha Twaha, cha Twaha hakijaruka tangu vita vya Kagera, kule alikopiga tatu ganda la kwanza halijagusa ardhi, ofisa mzima na nyota zake akatoa machozi, akasema kidole hiki siku mwenyewe akifa kiwekwe makumbusho, hivyo ndivyo Malindi yote, Malindi hii ya milima ya Lushoto, inavyojua, na Mlalo wanajua, siku ya soko wanamwita Twaha Mbili-Mbili, eti risasi zake hutoka mbili mbili, na yeye anaitika kama jina alilopewa na baba yake... kule Kagera alikuwa anapika maharage. Pipa tatu kwa siku. Hilo hajamwambia hata mke wake, na kwa nini limekuja sasa hivi, jua hili la saa tano, hebu vuta koki, "Umelala mzee?" Danieli anacheka, "nimeshafyatua zamani," haya, koki, achia polepole, tki, na bonde lote liko wazi chini yao, viazi, kabichi, viazi, tangu enzi hizi za ruksa, kila mtu ruksa kufanya biashara, malori ya Dar yanapanda mpaka huku, watu wa Dar wanakula chipsi kama wamerogwa, na kila mtu akalima mpaka mashamba yakagusana na msitu, na nguruwe nao wakasema karibu, nguruwe wa kule juu, mmoja anajaza Isuzu, meno kama mundu, usiku mmoja anageuza shamba la mtu likawa kama limepita trekta, na nani aliitwa, Twaha aliitwa, Twaha na bunduki hii hii, na mkono wa Danieli na kisu, maana Danieli ni Mkristo, mchuma chai wa Mponde aliyeoa huku, nguruwe akianguka ni Danieli tu anayemsogelea, anakata mkia upelekwe ofisini uwe ushahidi, na nyama anajua mwenyewe anaila na nani, Waislamu wanabaki mbali, hata kivuli cha yule mnyama hawakikanyagi, ndiyo desturi, kila mtu anajua, penye anguko la nguruwe hakuna Mwislamu, na siku ile Danieli hakuwepo, alikwenda Mponde kumzika shangazi yake, ingekuwa yupo... si kosa la Danieli, usimtie Danieli, wala si la Ramadhani wa dukani, ingawa Ramadhani ndiye aliyeanza, jioni ya kabla, Twaha amesema huyu wa kesho atakuwa wa arobaini, Ramadhani akapima sukari na kucheka, "Arobaini, Mbili-Mbili? Ofisini nimeona mikia tisa. Hiyo mingine inaota?" na duka zima likacheka, na Selemani, mume wa Saumu, Saumu dada yake Twaha tumbo moja, Selemani mtu asiyepandisha sauti hata kwa kuku, akaweka kikombe chini, akasema, "Shemeji yangu hasemi uongo." Basi. Alisema hivyo tu. Na ilikuwa tisa, nane kwa kweli, mmoja alikufa mwenyewe kwenye mtego wa watu... "Koki, mzee." Haya. Asubuhi wakapandisha, mbwa, madebe, makelele, nguruwe akatoka msituni akashuka kwenye matuta ya Saumu, dume, risasi ya kwanza ikampata shingoni, akalala, safi, mtu angepiga picha, na kidole kikaruka, kiliruka nje kabisa ya triga kwa furaha, na pale magugu ya pembeni mwa nguruwe yakatikisika, kitu cheusi kikainuka, na kichwani mwa Twaha hakuna mtu pale, hawezi kuwepo mtu pale, siku ile ni Waislamu watupu, ni nguruwe anaamka, na kidole kilichokwenda mbali kikarudi kwa kofi, pa, bila jicho, kidole peke yake... alikuta mkono wa Selemani umefungwa jani la mgomba mpaka kwenye kiwiko, asije akaligusa dume lile kwa ngozi yake, na kisu, alikuwa anakwenda kukata mkia, mkia mmoja, apeleke kwa Ramadhani. Twaha alilivua lile jani akalitupa msituni kabla watu hawajafika, mtu asije akauliza Selemani alifuata nini pale, akasema imegonga jiwe, risasi imegonga jiwe ikageuka, na polisi wa Lushoto wakaandika jiwe, na msikitini wakasema ajali, amri ya Mungu, na Saumu eda yake yote alisema neno moja tu juu ya habari ile, "Jiwe halina macho, kaka," akainama akaendelea kupepeta mchele, na mpaka leo anampikia, bada, ule ugali wa muhogo, na mboga, kila siku, amefunika na sahani... "Mzee," Danieli ametulia, kidole hakijaruka sasa, kimekaa pale pale kwenye tki, ameiweza, kaiweza upesi kuliko Twaha, "mbona hapa kabla ya risasi ya pili pana nafasi kubwa hivi, mimi nilidhani ni haraka haraka, kumbe hapa mtu unaweza kumwita mtu jina akaitika." Akaitika. Labeka shemeji, ndivyo Selemani alivyokuwa akiitika, hata awe na mzigo kichwani, labeka shemeji, na mbona Twaha miaka yote anafundisha kidole tu, hakumwambia mtu yeyote kwamba jicho linafanya nini pale katikati, hakuwa anajua... na kule chini Saumu kanyoosha mgongo kwenye matuta yale yale, jembe begani, anaita, "Kaka, chakula nimefunika, usichelewe," na siku nyingine Twaha angemjibu kwa majivuno, asubiri, jemadari anakuja, leo anatazama jembe, jembe linashuka, linazama mpaka kwenye mpini, udongo mweusi, laini kama unga, linainuka, linazama, tangu Saumu aolewe analima pale, kila msimu, kila tuta, jembe halijalia hata mara moja, na nani asiyejua, Malindi nzima inajua shamba la Saumu halina jiwe, halina hata kokoto ya kumrushia kuku, Saumu anajua, alijua siku ile ile na mchele mkononi, na bado anafunika sahani, anafunika na kungoja... "Naja," Twaha anasema, kwa sauti ambayo haifiki hata kwa Danieli, na Danieli bado kalala kwenye gunia, jicho kwenye shabaha, "Koki basi, mzee."