Kitambaa cha Mkono wa Kushoto

Kabla Mektilda hajapewa kazi ya kutazama, filamu ya Mpagazi wa Chuma ilikuwa kichekesho cha Tabora nzima. Katika sehemu ya kwanza Mpagazi alikuwa mchukuzi wa pembe kwenye misafara ya zamani, akalala porini upande wa Tura miaka mia na hamsini, akaamka na nguvu za kuzuia treni kwa kifua. Sehemu ya pili ilipotoka, mama yake mzazi, aliyemwacha huko huko zama za misafara, alikuwa sokoni anauza nyanya. Hakuna aliyeeleza kafikaje. Jeraha la mnyororo lilikuwa mkono wa kushoto, likahamia kulia, likarudi. Adui aliyezikwa mwezi wa tatu alionekana mwezi wa sita anapiga simu. Vijana wa bodaboda wakasema Mpagazi ana nguvu kweli, maana hata kalenda inamwogopa.

Maneno hayo yalimchoma Anton, mwenye filamu. Akaenda kwa Mektilda, mjane aliyekuwa akiwashonea mavazi. Mektilda alisoma mpaka darasa la saba, lakini jicho lake halikuwa na darasa. Kanisani alijua nani kahama benchi na nani kavaa viatu vya kuazima. Anton akampa daftari na kalamu.

"Mama, wewe hupitwi na kitu," alimwambia. "Ukiona kosa, sema. Tutarudia."

Basi wakati wa sehemu ya tatu Mektilda aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, rozari mfukoni, daftari magotini, akaandika. Kifungo kipi kimefungwa. Vumbi limefika wapi kwenye suruali. Jua liko wapi. Kitambaa cha jeraha, mkono wa kushoto. Wengine walimwona kero. Kasimiri, fundi rangi aliyecheza Mpagazi, alimwita Bibi Kalenda, na kila asubuhi alisimama mbele yake kama askari anayekaguliwa, akimwuliza kama pua yake bado iko pale pale ilipokuwa jana. Mektilda alimjibu kwamba pua ipo, akili ndiyo haijaandikwa.

Siku ile ilikuwa Jumamosi. Mektilda alichelewa kidogo kwa sababu ilikuwa zamu yake kufua vitambaa vya altare. Wenzake walikuwa wameshafika nje ya Tura, kwenye tangi la maji la kiwanda kilichokufa zamani. Kasimiri alijifunga kitambaa mwenyewe, akifuatisha picha aliyojipiga kwa simu wiki iliyopita. Picha ya namna ile hugeuza mambo kama kioo. Kitambaa kikakaa kulia, na hakuna aliyejua.

Akapanda ngazi ya chuma, akasimama juu ya tangi, akatandaza mikono, akasema maneno yake, akashuka. Watu wakapiga makofi. Anton akasema imetoka vizuri. Ndipo Mektilda, aliyekuwa amefika Kasimiri yuko katikati ya ngazi anashuka, alipofungua kurasa za nyuma za daftari akasema, "Kitambaa ni mkono wa kushoto. Hapo ni kulia."

Anton alilitazama jua, akaitazama ngazi. Alitaka kuacha. Mektilda aliona kwamba alitaka kuacha.

"Bibi Kalenda kasema," Kasimiri akacheka. "Nani atabisha?"

Mektilda alikifungua kile kitambaa kwa mikono yake, akakifunga kushoto, akakaza fundo. Kasimiri akapanda tena. Kipago cha ngazi cha juu kabisa, kile cha kushika ili ujivute, kilikatika mkononi mwake. Alikata roho garini kabla hawajafika hospitali ya Kitete.

Kwa polisi Anton alisema kazi ilikuwa imekwisha, walikuwa wanafungasha vyombo, Kasimiri akarudi kupanda mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Waliobaki wakasema hivyo hivyo. Mektilda hakuulizwa, yeye alikuwa mama wa nguo tu. Naye akanyamaza. Alijiambia kwamba marehemu ni marehemu, maneno hayatamfufua, na kwamba uongo ule haumdhuru mtu.

Lakini uongo haukai ulipowekwa. Watu walianza kuuliza: mtu mzima, kazi imekwisha, anapanda tangi kutafuta nini? Ikakumbukwa kwamba asubuhi ile Kasimiri aligombana na mkewe, Apolinaria. Apolinaria mwenyewe ndiye aliyewasimulia majirani akilia, kwamba mume wake katoka bila kunywa hata chai. Neno hilo likazunguka likarudi na meno. Kasimiri hakuanguka. Alijitupa, kwa ajili ya mdomo wa mke.

Getruda, mama wa marehemu, akamtoa Apolinaria nyumbani, akambakiza mjukuu wake Advera, mtoto wa miaka mitatu. Apolinaria akahamia kwa kaka yake, mtaa wa Isevya. Akina mama wa jumuiya hawakwenda kusali naye. Getruda akasema arobaini haitakuwepo, maana aliyeikataa roho yake haombewi na ukoo.

Mektilda alikwenda kuungama. Padre alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia Mungu amekwisha kusikia, lakini wapo ambao hawajasikia, na hao hawakai mbinguni. Akarudi nyumbani. Siku tisa akapika, akashona, akasali, na hakwenda popote. Kila aliposhika sindano aliliona lile fundo.

Siku ya kumi Anton akaja. Alikuwa amekonda. Aliamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa akipapasa funguo zake. Kisha akaeleza kwamba sehemu ya tatu itatoka, na kwamba atatumia kile kipande cha kupanda mara ya kwanza.

"Kile chenye kitambaa kulia?" Mektilda akauliza.

"Kile kile."

"Wataliona kosa."

"Waone, mama. Wacheke. Kupanda kwa pili hakukuwepo." Akanyoosha mkono. "Ila lile daftari lako lina ukurasa. Nipe huo tu."

Mektilda alimtazama yule mtu aliyechukia makosa kuliko njaa, sasa anaomba kosa libaki. Akaona kwamba kosa hilo litachekwa vijiweni mwaka mzima, na katika wote watakaocheka hakuna atakayejua kwamba ndani yake amezikwa mtu na mke wake amefukuzwa.

"Ukurasa huu una jina langu pia," akasema. "Sio lako peke yako."

"Ndiyo maana nakuomba. Nakuficha na wewe."

"Mwanangu, nenda nyumbani."

Asubuhi ya pili yake alimpitia Apolinaria kule Isevya, akamwambia tu kwamba anaitwa kwa mkwewe. Apolinaria alifuata bila kuuliza, hatua moja nyuma, kama mtu aliyezoea kuitwa kwa mabaya. Getruda alikuwa uani anapepeta mchele. Mektilda alimwamkia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, naye akaitika bila kuinua uso. Kiti hakikutolewa. Mektilda akafungua daftari akiwa amesimama.

Alisoma kama alivyoandika, kwa mwandiko wake wa shule ya msingi. Jumamosi, tangi la maji, Kasimiri kapanda. Kitambaa mkono wa kulia, kosa. Nimesema arudie. Nimemfunga kushoto. Kapanda mara ya pili, kitambaa sawa. Chini ya hapo hapakuwa na neno, ila mstari wa kalamu ulioteleza mpaka ukingoni.

Ungo ulitulia mikononi mwa Getruda.

"Kwa hiyo hakujitupa," alisema.

"Alitumwa. Nilimtuma mimi. Anton alitaka kuacha."

"Nawe umekaa kimya tangu siku ile, na mimi nimemnyima mwanangu sala."

"Ndiyo."

Getruda aliita ndani. Advera akatoka na kipande cha muhogo, akamwona mama yake, akasimama kwanza, kwa kuwa siku zilikuwa nyingi. Apolinaria akachuchumaa akamngoja. Mtoto alipofika, alimfunga mgongoni kwa khanga, taratibu, akakaza fundo kifuani, na Mektilda akayaondoa macho yake pale.

Kwenye mlango wa ua Apolinaria aligeuka.

"Kitambaa kingebaki kulia, watu wangeona kweli?"

"Wangeona."

"Wangefanya nini?"

"Wangecheka."

Apolinaria alitikisa kichwa polepole, kama anayepokea bei ya kitu asichoweza kununua. Akatoka na mwanawe. Hakuaga.

Mektilda akaona naye aende. Getruda aliweka ungo chini, akajipangusa mikono kwa upindo wa khanga.

"Keshokutwa watakuja wa ukoo na wa jumuiya kupanga arobaini," alisema. "Utakuja uwasomee. Sasa nisomee tena mimi. Kuanzia juu."

Mektilda alirudi mwanzo wa ukurasa. Alipofika pale aliposema arudie, sauti yake haikushuka, maana Getruda alikuwa akimtazama mdomoni, neno kwa neno, asipitwe na kitu.