Jua la Nyuma ya Kioo

Fundi Vioo alianguka kutoka kwenye ngazi akiwa na kioo mkononi. Kioo kilisalimika. Mengine yote yalimuuma kwa muda mrefu, na mkewe akaifungia ngazi stoo, ufunguo akauweka anakojua mwenyewe.

"Miguu yako imechoka, mume wangu. Siku daktari akisema uko sawa, utaipata."

Fundi wa vioo asiye na ngazi ni muuza vioo tu, naye hakuwa na nia ya kufa muuza vioo. Akaenda kupimwa. Daktari akamwambia hana vitamini D ya kutosha, kwa kuwa anashinda karakanani kutwa nzima. Aote jua kidogo kila siku, mikono na miguu ikiwa wazi, kichwani kofia, na aingie kivulini kabla ngozi haijaungua. Yakishindikana, watatafuta vidonge.

Nyumbani kulikuwa na dirisha kubwa la sebuleni alilolitia kioo kwa mikono yake. Wageni wawili walishaligonga kwa paji la uso wakidhani pako wazi, na sifa hiyo hakuichoka. Hapo ndipo alipoweka kiti. Msimu wote wa joto alikaa nyuma ya kioo kwa kaptula na kofia, akitiririka jasho, mkewe pembeni akishona vifungo. Majirani walipita barabarani wakijifanya hawaoni.

Alirudi kwa daktari pamoja na mkewe, akitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Vipimo havikupanda, tena vilishuka kidogo.

"Unaota jua wapi, mzee?"

"Sebuleni. Dirishani."

"Nyuma ya kioo?"

"Kioo changu. Hakizuii kitu."

"Joto kinapitisha, mwanga kinapitisha. Miale inayotengeneza vitamini D kinaizuia."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha Fundi kilikuwa ukutani, na kila Ijumaa alikisugua kwa gazeti. Iliuma kuliko kuanguka.

Daktari akamgeukia mke. "Na wewe mama, ulikaa naye hapo?"

"Nitakaa wapi tena?"

Naye akapimwa. Yeye alikuwa na hali mbaya kuliko mumewe.

"Magoti yanauma?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi!" Fundi alishtuka. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ngazi angekushikia nani?" Alitazama mikono yake. "Siku ile haikuwa miguu yako, mume wangu. Magoti yangu yalilegea, ngazi ikanitoka. Niliona aibu. Nikaifungia."



Kesho yake asubuhi Fundi alitoa viti viwili uani. Kizuri akampa mkewe, na kofia yake akamvika. Wakakaa jua likiwapiga mikononi bila kizuizi mpaka ngozi ilipoanza kuchoma.

"Basi, twende kivulini," akasema Fundi.

Mkewe akatoa ufunguo wa stoo, akamnyooshea. Fundi akaurudisha ndani ya kiganja cha mkewe, akakifumba.

"Kaa nao. Ngazi nitapanda magoti yako yakipona. Simtaki mtu mwingine chini yangu."